Tafiti 13 za MRDT: kwa nini usijumlishe majedwali

Swali: "Shikamoo kaka. Mimi ni mtaalamu wa maabara, nasoma shahada ya uzamili hapa Dar es Salaam. Nimekusanya tafiti 13 zilizolinganisha MRDT, kile kipimo cha haraka cha malaria, na hadubini kwa wagonjwa wa homa. Nilijumlisha majedwali yote yakawa jedwali moja, nikatoa unyeti na umahususi wa jumla. Msimamizi wangu kaikataa sura nzima, anataka nitumie modeli ya pande mbili. Mwenzangu naye anasema nianze na I², ile asilimia inayoonyesha tafiti zinatofautiana kiasi gani kupita bahati. Kwani kujumlisha kuna kosa gani, na hiyo modeli inafanya kitu gani ambacho kikokotoo hakiwezi?"

Marahaba, mdogo wangu. Msimamizi wako yuko sawa, ila kakupa hukumu bila kukusomea mashtaka. Kosa lenyewe nalijua kwa ndani. Kazi yangu ya kwanza ya namna hii niliifanya kwenye Excel: safu nne, chini kabisa nikabonyeza alama ya jumla, nikaenda kulala nimeridhika.

Nianze na majina. Unyeti na umahususi ni maneno ya vitabuni. Nikiwa peke yangu na karatasi natumia ya mtaani. Kila aliyepimwa yuko kwenye chumba kimoja kati ya vinne. Mwenye malaria ambaye kipimo kimesoma chanya, huyo kanaswa. Mwenye malaria aliyesomwa hasi, kaponyoka. Asiye na malaria aliyesomwa chanya, kasingiziwa. Asiye nayo aliyesomwa hasi, kaachiwa. Unyeti ni sehemu ya walionaswa katika wagonjwa wote. Umahususi ni sehemu ya walioachiwa katika wasio wagonjwa wote.

Sasa sogea karibu na kaseti yenyewe, kile kibao cha plastiki cha MRDT, kitu unachokijua kuliko mimi. Miaka kadhaa nyuma nilishinda kwenye maabara ya zahanati moja ng'ambo ya Kigamboni, feni inazunguka, kaseti zimepangwa mezani kila moja na jina lake kwa kalamu ya wino. Dakika 15 zilipotimia kwa kaseti mojawapo, dada wa maabara aliinyanyua hadi dirishani, akaigeuza kidogo, akasema, "Ipo." Mwenzake akaichukua, akakunja uso: "Hamna kitu hapa." Mstari wa C, unaothibitisha kwamba kaseti imefanya kazi, ulikuwa umekolea vizuri. Penye T, mahali pa jibu la malaria, palikuwa na kivuli, kama mstari wa penseli uliofutwa kwa kifutio kibovu. Maelekezo ya kiwandani yanasema mstari hafifu nao ni chanya, lakini jicho ndilo linaloamua kama huo mstari hafifu upo au haupo.

Hapo ndipo swali lako lote lilipolala. Yule dada wa dirishani atanasa wagonjwa wengi, na atasingizia wengi pia. Mwenzake atasingizia wachache, na wagonjwa watamponyoka. Kipimo ni kilekile, boksi ni lilelile, ila mpaka kati ya chanya na hasi umesogea. Mpaka ukisogea, unyeti na umahususi husogea pamoja, mmoja juu, mwingine chini. Namba hizo mbili ni mapacha, na ukiwagawa ukawahesabu kila mmoja kivyake umepoteza habari ambayo ni ya wote wawili tu.

Chukua tafiti mbili, za kubuni kabisa, ili hesabu ikae kiganjani. Ya kwanza imefanyika mahali penye malaria chache: watu 500 wenye homa, 100 wana malaria, 400 hawana. Wasomaji wake wanahesabu hata kivuli. Walionaswa ni 96, walioponyoka 4, waliosingiziwa 60, walioachiwa 340. Unyeti 96%, umahususi 85%. Ya pili imefanyika mahali ambako malaria imejaa: 400 wanayo, 100 hawana. Wasomaji wake ni wagumu, bila mstari wa wazi hawaandiki chanya. Walionaswa 320, walioponyoka 80, waliosingiziwa 2, walioachiwa 98. Unyeti 80%, umahususi 98%.

Jumlisha kama ulivyofanya. Wagonjwa 500, walionaswa 416, unyeti 83.2%. Wasio wagonjwa 500, walioachiwa 438, umahususi 87.6%. Zitazame hizo namba vizuri. Unyeti umevutwa kuelekea utafiti wa pili kwa sababu wagonjwa wengi wametoka huko. Umahususi umevutwa kuelekea utafiti wa kwanza kwa sababu wasio wagonjwa wengi wametoka huko. Umeokota upande dhaifu wa kila utafiti, ukaunganisha, ukapata kipimo ambacho hakuna zahanati iliyowahi kukiona.

Ukitaka kuona ukubwa wa hasara, pima nguvu ya kipimo kwa namba moja: walionaswa kwa kila aliyeponyoka, mara walioachiwa kwa kila aliyesingiziwa. Utafiti wa kwanza unatoa 24 mara 5.67, yaani 136. Wa pili unatoa 4 mara 49, yaani 196. Jedwali lako la jumla linatoa 35. Baba ana 136, mama ana 196, mtoto katoka na 35! Hiyo huwezi kuitetea mbele ya jopo, na mimi nisingejaribu.

Utasema basi, nichukue wastani wa asilimia. Unyeti utakuwa 88%, umahususi 91.5%, na nguvu 79. Afadhali kidogo, lakini bado iko chini ya tafiti zote mbili. Sababu yake ni umbo. Chora unyeti kwenye mhimili wa wima na sehemu ya waliosingiziwa kwenye mhimili wa mlalo. Nukta za kipimo kimoja kinachosomwa kwa ukali tofauti hazipangiki kwenye mstari ulionyooka, zinajipinda kama upinde. Wastani wa nukta mbili unaangukia kwenye upote, ule uzi unaofungwa ncha kwa ncha, wakati kipimo chako kinaishi kwenye mti wenyewe wa upinde.

Ndiyo maana tunahama kutoka asilimia kwenda logiti. Jina linatisha, kitu chenyewe ni chepesi: logi asilia ya walionaswa kwa kila aliyeponyoka, na upande wa pili logi asilia ya walioachiwa kwa kila aliyesingiziwa. Chukua wastani wa logiti za tafiti zetu mbili, kisha urudishe kwenye asilimia: unyeti 90.7%, umahususi 94.3%, nguvu 163. Sasa tumekaa kati ya 136 na 196, mahali ambapo mtu mwenye akili timamu angetarajia tukae.

Lakini wastani wa logiti peke yake nao hautoshi, kwa sababu tafiti hazina uzito sawa, na uzito wa unyeti si uzito wa umahususi. Angalia tena utafiti wa kwanza. Unyeti wake wa 96% unaonekana wa kifahari, lakini umesimama juu ya watu wanne walioponyoka. Wangekuwa wawili au saba, ungeandika namba nyingine. Kwenye logiti mtawanyiko wake, yaani kiasi namba inavyoweza kuyumba, ni 1/96 kujumlisha 1/4, yaani 0.26, na karibu wote umetoka kwa hao wanne. Umahususi wa utafiti huohuo umejengwa juu ya watu 400 na ni imara zaidi. Kwa hiyo utafiti mmoja unaweza kuwa shahidi mzuri upande mmoja na shahidi dhaifu upande wa pili.

Modeli ya pande mbili inashika mambo haya yote kwa pamoja. Ngazi ya chini, kila utafiti una majedwali yake na bahati yake ya kuhesabu watu wachache au wengi. Ngazi ya juu, modeli inakubali kwamba tafiti zenyewe zinatofautiana kweli: wagonjwa wengine, wasomaji wengine, boksi za kampuni nyingine. Inachokadiria ni vitu vitano tu. Kuna wastani wa logiti ya unyeti na wastani wa logiti ya umahususi, kuna mtawanyiko wa kila mmoja kati ya tafiti, na kuna uhusiano kati ya wawili hao. Hicho cha tano ndicho kikokotoo chako hakina mahali pa kukiweka. Kikiwa hasi, yaani unyeti ukipanda umahususi unashuka, kuna dalili kwamba yule dada wa dirishani na mwenzake wako kwenye tafiti zako.

Haikuanza hivi. Mwaka 1993 Moses, Shapiro na Littenberg walitoa njia ya kuchora mkunjo wa jumla, yaani ule upinde, kwa mstari wa kawaida: tofauti ya logiti mbili dhidi ya jumla yake. Ilikuwa njia ya werevu, na hata leo naitumia kuangalia data kwa haraka, ila haitofautishi bahati ya ndani ya utafiti na tofauti halisi kati ya tafiti, kwa hiyo upana wa uhakika inaokupa si wa kuuamini. Rutter na Gatsonis wakaja na modeli ya ngazi mwaka 2001, inayouweka mkunjo mbele. Reitsma na wenzake wakatoa ya pande mbili mwaka 2005, inayoweka mbele nukta moja ya wastani. Mwaka uliofuata Chu na Cole wakaonyesha kwamba ni afadhali kuhesabu kwa binomia, yaani kwa idadi yenyewe ya watu, moja kwa moja kuliko kusingizia kwamba logiti ya kila utafiti ni ya kinomali, ile ya umbo la kengele. Watu walibishana ipi bora, hadi Harbord na wenzake walipoonyesha mwaka 2007 kwamba, kama huna kigeu cha ziada (sifa ya utafiti, kama aina ya kaseti), ile ya 2001 na ile ya 2005 ni modeli moja iliyoandikwa kwa namna mbili. Kwa hiyo msimamizi akikutajia jina moja na mtahini akakutajia jingine, usihangaike.

Faida moja ya binomia utaiona mapema. Kwenye tafiti 13 sitashangaa ukikuta moja ambayo hakuna hata mmoja aliyeponyoka. Zamani tuliongeza nusu mtu kwenye kila chumba ili logi isigome. Nusu mtu! Kwenye utafiti mdogo hiyo nusu inavuta namba chini waziwazi. Binomia inaipokea sifuri ilivyo.

Kuhusu I², mwambie mwenzako kwa upole kwamba ametoka nayo kwenye tafiti za dawa. Huko unapima tokeo moja. Hapa una mapacha, na sehemu ya tofauti kati ya tafiti inatokana na mpaka kusogea, jambo ambalo I² ya unyeti peke yake hailijui. Utapata 90 na kitu, utaogopa bure. Chora nukta zako 13 kwenye ule mchoro, kisha uchore maeneo mawili yanayotolewa na modeli. Eneo la uhakika linaonyesha wastani uko wapi. Eneo la utabiri linaonyesha utafiti mpya, tuseme wa Temeke mwakani, unaweza kuangukia wapi. La pili huwa kubwa zaidi, na ndilo wanafunzi wengi hulificha kwa sababu linaharibu urembo wa mchoro. Wewe liweke.

Kuna wakati nukta ya wastani haifai kabisa. Kama tafiti zinatumia mipaka tofauti iliyoandikwa, mathalani sukari ya damu iliyokatwa kwenye viwango vinne tofauti, wastani wao si wa kiwango chochote. Hapo unaripoti mkunjo. Kwa MRDT, ambayo kila mtu anadai kusoma kwa kanuni moja, nukta inakubalika.

Nije kwenye jambo linalonisumbua zaidi kuliko modeli. Umesema kipimo chako cha rejea ni hadubini. Modeli itaamini kila alichosema msoma slaidi. MRDT nyingi zinatafuta protini ya HRP2, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtoto aliyemaliza dawa mseto wiki iliyopita, iliyonunuliwa duka la dawa bila kupimwa, atasoma chanya kwenye kaseti na hasi kwenye BS, yaani slaidi ya damu. Kwenye jedwali lako kaingia chumba cha waliosingiziwa. Mwingine ana vimelea vichache ambavyo jicho limevikosa kwenye slaidi lakini PCR, kipimo cha vinasaba, ingeviona. Naye kaseti ikimsoma chanya, anahesabiwa kasingiziwa. Kwa hiyo kama kati ya tafiti 13 kuna zilizotumia PCR, usizichanganye kimyakimya. Aina ya kipimo cha rejea iingie kwenye modeli kama kigeu, au uziweke pembeni.

Mapitio ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za afya, ya mwaka 2011 yalitenganisha aina za MRDT, na yanaonyesha ninachosema. Zile za HRP2, katika tathmini 71 dhidi ya hadubini, zilikuwa na unyeti wa 94.8% na umahususi wa 95.2%. Zile zinazotafuta pLDH, kimeng'enya kinachopotea haraka vimelea vikifa, zilikuwa na unyeti wa 91.5% na umahususi wa 98.7%. Ukizitia zote chungu kimoja, unapata namba ya kaseti isiyouzwa na mtu yeyote. Kwenye kifua kikuu ni vilevile: mapitio yao ya 2014 yaliipa Xpert, kipimo cha vinasaba vya kifua kikuu, unyeti wa 89% kwa jumla, lakini ni 98% kwa wagonjwa ambao vimelea vyao vilionekana kwa hadubini na 67% kwa ambao havikuonekana. Daktari akiijua 89% peke yake atamrudisha nyumbani mtu ambaye hakustahili kurudishwa.

Na wagonjwa walipatikanaje? Kuna QUADAS-2 ya mwaka 2011, chombo cha kukagua ubora wa tafiti za vipimo, yenye maeneo manne: uteuzi wa wagonjwa, kipimo kinachochunguzwa, kipimo cha rejea, na mtiririko na muda. Ukiwa na haraka, walau la kwanza lisome kwa makini. Utafiti uliochukua wagonjwa mahututi wa malaria wodini na kuwalinganisha na wachangia damu wenye afya utatoa namba za kupendeza sana. Lijmer na wenzake walikadiria mwaka 1999 kwamba mpangilio wa namna hiyo unaikuza nguvu ya kipimo mara tatu hivi. Kwenye zahanati huletewi mahututi na wazima. Unaletewa homa, homa, homa.

Ukishapata nukta yako, iteremshe hadi kwenye foleni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, wa watoto 1,005 wenye homa waliotibiwa kama wagonjwa wa nje Dar es Salaam na Ifakara, ulikuta malaria kwa 10.5% yao. Chukua watoto 1,000 wa aina hiyo na namba za HRP2 nilizozitaja. Wenye malaria 105: kama 100 wananaswa, 5 wanaponyoka. Wasio nayo 895: kama 43 wanasingiziwa. Kaseti chanya 143, na 100 kati ya hizo ndizo za kweli. Sasa shusha malaria hadi watoto 10 kwa 1,000: wananaswa 9 au 10, wanasingiziwa kama 48. Unyeti na umahususi havijabadilika hata nukta, lakini kaseti chanya nyingi sasa ni za wasio na malaria. Weka jedwali dogo la namna hii kwenye tasnifu, la watu 1,000 kwa viwango viwili au vitatu vya malaria. Mganga mfawidhi atalisoma hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa upande wa programu, kwenye R tumia glmer ya lme4: kila utafiti mistari miwili, mmoja wa wagonjwa na mmoja wa wasio wagonjwa. Ukitumia reitsma ya mada, angalia mtego: inafanya kazi na sehemu ya waliosingiziwa, si umahususi, kwa hiyo alama ya uhusiano inageuka. Nimeona mtu akiandika "uhusiano chanya" akashangaa mkunjo wake unakwenda kawaida. Kwenye Stata kuna metandi, inayodai walau tafiti 4. Kwa tafiti 13 modeli inapaswa kutulia, ila ikikupa uhusiano wa 1 au −1 kamili, haijagundua kitu, imekwama ukutani. Jaribu kuufunga uhusiano kwenye sifuri, uone kama wastani unabadilika. Kwa upendeleo wa uchapishaji, yaani tafiti zenye namba nzuri kuchapishwa zaidi, tumia kipimo cha Deeks cha 2005, chenye idadi fanisi ya watu badala ya kosa sanifu. Lakini kwa tafiti 13 nguvu yake ni ndogo, usiandike aya tatu juu yake.

Kabla hujagusa programu yoyote, rudi kwenye makala zako 13 uongeze safu tatu kwenye jedwali la ukusanyaji: kaseti ilisomwa na nani, baada ya dakika ngapi, na mstari hafifu ulihesabiwa kuwa nini. Makala nyingi hazitasema. Andika "haijasemwa", na waandikie barua pepe waandishi wa zile zilizo mbali na wenzake kwenye mchoro.